Hii Haichanganyiwi

...na kama mzee wa mchanga angemaliza maneno yake upesi, yeye angeuza kile chuma, mashine ya boti, na kurudi nyumbani kabla ya saa sita, maana stoo ya marehemu baba bado ilikuwa na makabati mawili ya kutoa na mnunuzi wa nyumba alisema anakuja alasiri, na yeye hapendi mtu aingie akute vitu vimezagaa, hajapenda tangu utotoni, lakini mzee wa mchanga, anayevusha mchanga wa ujenzi kwa boti na ambaye hata ndevu zake zilikuwa na mchanga, alikuwa ameegemeza viwiko viwili juu ya kaunta kama mtu aliyekodi chumba, na fundi, ambaye karakana nzima ilimwita Spana, alishika plagi mbili nyeusi kiganjani akazinusa moja baada ya nyingine, akatikisa kichwa, "Mzee wangu, umeipa nini hii mashine?" na mzee akajibu kwa ukali wa mtu asiye na kosa, "Petroli na oili, nimechanganya kama nilivyokuwa nachanganya kwa ile ya zamani, miaka ishirini hiyo," na yeye, nyuma yao, kipochi kimebanwa kwapani, akaitikia kimoyomoyo, ndivyo, petroli na oili, cha kushangaza ni nini hapo, vipimo vitatu kwa tangi moja, angeweza kuchanganya hata amefumba macho, kwa ile chupa ya dawa ya kikohozi ambayo baba aliichora mistari kwa ncha ya msumari, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, na baba hakumruhusu mtu mwingine kuishika, "Huyu ana mkono wa duka la dawa," alikuwa akiwaambia wageni, "mdogo wake nikimpa hii chupa atainywa," na wageni wanacheka, na mdogo wake naye anacheka, miaka saba hivi, jino la mbele halipo... mdogo wake ambaye sasa hivi alikuwa amesimama nje ya mlango wa karakana, kando ya mkokoteni wenye mashine iliyofungwa magunia, hajaingia, hakuambiwa asiingie, lakini hajaingia, tangu asubuhi alipokuja kusaidia kubeba alikuwa anasimama hivyo, kizingitini, kila chumba anasimama kizingitini kama mtu anayesubiri kuulizwa shida yake, na mvi zake ni nyingi kuliko za dada yake, jambo ambalo lilimkera dada asijue kwa nini.

"Basi ndiyo umeiua hivyo," Spana alisema, na akacheka, kwa hiyo haikuwa imekufa, "ile ya zamani ilikuwa tustroki, mzee wangu, mipigo miwili, inakunywa uji, petroli na oili chungu kimoja. Hii uliyonunua ni fostroki, mipigo minne. Hii chakula mbali, kinywaji mbali. Oili ina mlango wake humu ubavuni, na kijiti chake cha kupimia, petroli inakwenda tupu tangini. Hii haichanganyiwi." ...haichanganyiwi... alilisikia hilo neno kwa sauti nyingine, sauti ya kijana wa miaka ishirini na minne, alfajiri, amepiga magoti ndani ya boti, "Dada, hii haichanganyiwi," na yeye juu ya gati na chupa ya mistari mkononi, amekuja nyumbani kumuuguza mama wiki mbili tu, ametoka kwa mume wake mjini, miaka sita hajapanda ile boti, lakini mashine ilikuwa ile ile, ya kijivu, kijivu kile kile cha baba cha kupakia kila kitu, mlango wa choo, baiskeli, kizimba cha kuku, aliona kama imenenepa kidogo akajisemea hata vyuma vinazeeka, na akamjibu, alikumbuka neno kwa neno, yeye hukumbuka kila kitu neno kwa neno, ndiyo maana ukoo mzima ukibishana juu ya nani alizaliwa mwaka gani wanapelekwa kwake, alimjibu, "Wewe uliyeishia la saba ndiye wa kunifundisha mimi mashine ya baba? Uvivu tu. Uvivu wako utatuua," na mama alikuwa amelala kwenye godoro sakafuni mwa boti, kifua kinapiga filimbi, anatakiwa hospitali ya ng'ambo, na tangi liko chini ya benchi karibu na miguu yake, kwa hiyo wakati mdogo wake alipopanda juu kufungua kamba ya boti yeye alishuka botini, akainama, akafungua kifuniko cha tangi, akamimina, kimoja, viwili, vitatu, akaongeza cha nne, kwa kuwa kijana alishajaza petroli tupu, kwa kufidia, mara moja tu maishani alizidisha kipimo, na hakulitikisa lile tangi mara ishirini kama alivyofundishwa, kwa sababu miguu ya mama ilikuwa imeliegemea.

Mzee wa mchanga hakuwa mtu wa kukubali kwa urahisi, "Oili ni oili bwana Spana, mnatubabaisha tu mpate kazi," na Spana akamuuliza, "Na mke wa jirani ni mke?" na watu wawili waliokaa kwenye magurudumu ya zamani wakaangua kicheko, na mzee mwenyewe akacheka mpaka mchanga ukadondoka, na yeye akatabasamu kwa adabu bila kusikia kilichochekesha, kwa sababu alikuwa anajaribu kukumbuka kama baba aliwahi kutaja mashine mpya, baba aliyefariki miezi mitano kabla ya asubuhi ile, aliyeogopa wezi kuliko alivyoogopa radi, aliyewahi kununua redio mpya akaitia ndani ya kasha la redio mbovu, na mdogo wake siku ya tatu ya msiba wa mama aliwaambia wote sebuleni, "Baba alinunua nyingine, akaipaka rangi ya ile ya zamani ili wezi wasiitamani, mimi ndiye niliyemshikia kopo la rangi," na baba mdogo akampigia ukelele, marehemu hawezi kuja kukukanusha, ndiyo maana unamsingizia, na yeye, dada, alikaa mwisho wa mkeka na alikuwa wa kwanza kutikisa kichwa, baba angenunua mashine bila kumwambia yeye mwenye chupa? Hilo ndilo lililomuuma, hata kabla ya kifo cha mama kumuuma vizuri, kwamba eti baba alimwambia yule wa la saba... na redio, redio kwenye kasha bovu, aliijua habari ya redio, aliisimulia mwenyewe kila mwaka watu wakicheka, haikumjia hata mara moja sebuleni pale, kumbukumbu yote hiyo aliyonayo na haikumjia.

"Ungefanya kinyume ndiyo ungelia," Spana alikuwa anaendelea, amechukua kitambaa anafuta plagi ya kwanza, "tustroki ukiinyima oili inanoki. Pistoni inashikana na ukuta wake, basi, chuma na chuma. Na utajua imenoki kwa kamba. Kamba ya kuwashia haivutiki. Hata ulete ukoo mzima mvute, haitoki hata inchi moja. Lakini hii yako uliivuta, si uliivuta?" "Niliivuta mpaka bega likauma," mzee akasema, "ikawa inazunguka tu." "Ee, inazunguka, haiwaki. Oili uliimwaga juu hukutikisa, ikazama chini, na mpira unavuta chini ya tangi. Mashine inakunywa oili tupu, inatoa moshi kama jiko la kuni bichi, plagi zinalowa, kimya." ...inazunguka, haiwaki... na kipochi kikamteleza kwapani akakidaka, hapana, alisema ndani kwa ndani, subiri, hapana, lakini mikono ilikuwa imeshaanza kuvuta, mikono ya mdogo wake, katikati ya maji, jua limeshatoka, anavuta kamba na kamba inatoka yote, ndefu, inarudi, anavuta, inatoka yote, mara arobaini, mara mia, mpaka kishikio kikawa na damu, na yeye dada alikuwa anaitazama ile damu na kuihesabu kuwa ni haki yake, na aliisimulia, kwenye kila kikao alisimulia, "alivuta kamba mpaka viganja vikachubuka, lakini mashine ilikuwa imeshanoki kwa kukosa oili," alizisema zote mbili kwenye sentensi moja, miaka kumi na tisa, na hakuna hata mmoja, wajomba, mashangazi, watu waliokuwa na mashine zao, hakuna aliyesema ngoja kwanza, ilivutikaje? Na moshi, kabla haijazima ilitoa moshi mpaka mama akafunikwa mtandio usoni, na mdogo wake akageuka, "Mbona inatoa moshi? Haijawahi kutoa moshi hii," na yeye akamwambia moshi ni afya, mashine za kwetu ndivyo zinavyopumua, kitu kama hicho, kitu cha kujua sana.

"Sasa kwa mfano yamenikuta katikati ya maji," mzee akauliza, "nifanyeje, nipige mbizi?" na Spana akaweka plagi ya kwanza juu ya kaunta, safi, akaiegemeza kwenye kopo la misumari, "Si kitu. Fungua plagi, zifute na shati lako, chomoa mpira kwenye tangi utumbukize kwenye dumu lako la akiba lenye petroli safi, vuta mara kumi na tano, itakohoa, itawaka. Dakika kumi. Kumi na tano kama mikono inatetemeka." ...dakika kumi... hakutaka kulisikia hilo, angeondoka, angesema amesahau funguo, lakini alibaki hapo, na dumu la akiba lilikuwepo, la njano, limefungwa kwa mpira mbele ya boti, na spana ya plagi ilikuwepo, mdogo wake aliitoa chini ya benchi akasema, "Nifungue plagi nione," kwa utaratibu kabisa, kama mtu aliyefundishwa na mtu, na yeye alimpokonya, Mungu wangu, alimpokonya spana mkononi, "Usiguse tena! Umeharibu vya kutosha!" na akaiweka juu ya ubao na kuikalia, aliikalia ile spana saa tatu nzima kama kuku kwenye mayai, jua likipanda, boti ikizunguka yenyewe polepole, na kifua cha mama kikipiga filimbi, kisha filimbi nyembamba zaidi, kisha... na hilo la spana hakulisimulia kamwe. Kwa nini hakulisimulia? Yeye asiyeacha kitu, anayejua mama alivaa gauni la rangi gani na sahani ngapi zilivunjika siku ya mazishi, aliacha spana. Halikuonekana la maana. Lilikuwa dogo. Aliliacha kama mtu anavyoacha uzi kwenye nguo, anaukata kwa meno, anautema.

Na shangazi wa yule binti ambaye mdogo wake alitaka kumwoa, wazee wawili wa ukoo wa binti walimtuma aje aulize kabla ya kupokea barua ya posa, mama wa heshima, alikaa kwenye kiti cha kamba barazani kwake, akasema, "Tumesikia mengi, tumekuja kwako kwa kuwa unasifika kwa kusema kweli bila kuongeza wala kupunguza," na yeye aliinua mabega kidogo kwa sifa ile, akasema kweli, bila kuongeza, yule hakuchanganya oili kwa uvivu na mama yetu akafia majini, na shangazi akaitikia pole pole sana, na barua haikupokelewa, na mdogo wake hakuuliza nani alisema nini, alihamia mji wa pili, akawa mlinzi wa ghala la mahindi, chumba kimoja, hajaoa, anatembea kwa miguu, hapandi hata baiskeli ya mtu, na kwenye sherehe watoto wakitaka kubebwa naye mama zao walikuwa wanawaita, njoo huku, njoo ule... na yeye aliyaona hayo akayaita majuto. Yule ana majuto, aliwaambia watu, angalau ana majuto.

"Na wewe mama, samahani, nimekuweka," Spana alimwambia, kwa sababu mzee wa mchanga alikuwa ameshageuka anatafuta kofia yake iliyokuwa kichwani, "umeleta nini, ni tustroki au fostroki?" na hilo ni swali dogo, mtoto angelijibu, lakini yeye akaonyesha mlangoni kwa kidevu, na Spana akatoka kizingitini, mdogo wake akasogea kumpisha, akasaidia kufungua magunia bila kuambiwa, na kijivu kikatokea, na Spana akakikwaruza kwa ukucha wa dole gumba, chini ya kijivu kulikuwa na rangi nyingine, nyeusi inayong'aa, nzuri, rangi ya dukani, "Aliyepaka hii alikuwa anamficha nani?" akauliza akicheka, akachukua bisibisi, akabandua kifuniko, akapitisha mkono ubavuni, akachomoa kijiti chembamba cha chuma, kijiti cha kupimia oili, akakiinua juu mbele ya macho yao wote kama kipimajoto cha mgonjwa, "Fostroki. Na ilikuwa mpya kabisa hii, jamani."

Kwa hiyo baba alinunua, na alipaka, na kopo lilishikwa na mtu aliyesema alilishika, na siku ile ya tatu sebuleni... ngoja, siku ya tatu, aliikamata sasa, ilikuwa imelala hapo siku zote kama sarafu chini ya mkeka, mdogo wake alikuwa anajitetea, alikuwa anabisha kwa sauti, kijana wa miaka ishirini na minne mwenye mdomo, hakuwa mpole yule, na baba mdogo akauliza, "Kwa hiyo tangini hamkuwa na oili hata kidogo?" na yeye, dada, ili aonekane alivyojitahidi kumwokoa mama, akasema, "Mimi niliongeza alfajiri kwa siri, vipimo vinne, lakini mashine ilikuwa imeshaumia," na mdogo wake akageuza shingo. Akamtazama. Muda mrefu. Na akanyamaza, hapo hapo, katikati ya neno, na hakusema tena kitu, si siku ile wala arobaini wala mwaka uliofuata, na sebule nzima ikasema mnaona, ameishiwa, amekubali, na yeye mwenyewe alisema, na akaiweka kwenye masimulizi kama kilele chake, *ndipo aliponyamaza*, na kumbe... kumbe alinyamaza kwa sababu alijua, papo hapo alijua moshi ulitoka wapi, sekunde moja ilimtosha, na upande mmoja wa mkeka kulikuwa na jina lake, na upande wa pili dada yake mwenye mimba ya miezi sita ambaye amemuua mama bila kujua, na akachagua, akiwa amekaa vile vile, bila kuomba ushauri.

Spana alikuwa amefungua plagi, ameishika kwenye mwanga, tone zito jeusi limening'inia halidondoki, "Ona, oili mpaka leo. Imeganda kama lami. Nani alichanganya humu?" na hakuuliza kwa ubaya, aliuliza kama daktari anavyouliza umekula nini, na kabla yeye hajavuta pumzi mdogo wake akasema, "Mimi, fundi." Hivyo tu, upesi, kama mtu anayempokea mzigo mwenzake aliyelemewa. "Ni zamani. Nilikuwa sijui." "Sasa umejua," Spana akasema. "Sasa nimejua," mdogo wake akasema, na hakumtazama dada yake, aliinama kuokota gunia lililoanguka akalikunja mara mbili, mara nne, kwa uangalifu mkubwa, na mzee wa mchanga akampiga begani, "Tuko wengi, ndugu yangu, tuko wengi," na wote wakacheka, na mdogo wake akacheka nao, na yeye akaona kwamba kicheko hicho amekizoea, kwamba amekitumia sehemu nyingine nyingi ambako yeye hakuwepo, na kwa nini asiseme sasa, ni maneno mawili, si yeye, lakini si yeye kwa nani, kwa Spana? Baba mdogo yuko kaburini, shangazi wa yule binti yuko kaburini, yule binti ana watoto wakubwa kwa mume mwingine, angeanzia mlango gani, angepiga hodi nyumba ngapi kurudisha kilichosemwa kikaliwa kikageuka damu ya watu, na mama... mama alisema kitu pale majini. Alisema. Siku zote akiulizwa mama alisema nini mwisho alijibu hakusema, alikuwa hana pumzi, lakini alisema, katikati ya kamba na kamba, alishika ukosi wa shati la kijana wake akamvuta chini, akamwambia, "Inatosha, baba, umejitahidi, kaa na mimi," na yeye dada alikuwa hatua moja kutoka pale, juu ya ubao, alisikia, alisikia kila silabi, na hakuweza kuyaweka mahali, hayakuingia popote kwenye habari ya uvivu, akayaacha majini.

"Mama," Spana alisema akifuta mikono, "haina ugonjwa hii. Haijawahi kuwa na ugonjwa. Nikiisafisha kesho inawaka. Mnaiuza au mnarudi nayo?" na yeye akafungua kinywa, na kitu cha kwanza kilichompanda kooni kilikuwa lawama, hata sasa lawama, kwa nini uliniacha, kwa nini uliniacha niseme miaka yote hii, na jibu lilikuwa mbele yake, limepiga goti moja sakafuni penye grisi, linapanga gunia lililokunjwa juu ya mkokoteni ili lisije likaanguka tena, na fundi bado alikuwa anangoja, amesimama na ile plagi mkononi, "Mama?"